Anayepakia Ndiye Anayesimama Mlangoni

Nyinyi vijana mnaoshuka Guangzhou siku hizi mnanichekesha. Mnafika na simu yenye programu ya kupanga kontena, mnaingiza vipimo vya katoni, simu inawachorea vijisanduku vya rangi, kisha mnaniita: "Bi Saumu, njoo uone, kila kitu kinaingia." Nakuja, naangalia, nasema mashallah. Halafu nauliza swali moja tu: nani atafungua? Hapo mnatazamana, na mmoja wenu anaanza kutafuta jibu kwenye simu.

Nimestaafu sasa. Nakaa na binti yangu hapa Sanyuanli, na magoti yangu yameniambia wazi kwamba ngazi za godauni hayazitaki tena. Kazi yangu ilikuwa kupakia makontena ya mchanganyiko. Wafanyabiashara wetu wa Dar, wa Unguja na wa Kongo wengi wao hawana mzigo wa kujaza kontena zima, basi wanachangia. Huyu analeta cherehani, yule glasi, mwingine kandambili, mwingine vitenge vilivyochapwa hukuhuku. Mimi ndiye niliyekuwa naamua kipi kikae wapi. Wapo waliodhani mwanamke godauni kazi yake ni kupika chai. Nilipika pia, maana chai ya vibarua wetu ilikuwa maji ya moto yenye majani yanayoelea, na mimi mtu wa Unguja siwezi kuvumilia hilo.

Aliyenifundisha ni fundi mmoja wa Kichina ambaye sote tulimwita Shifu, maana ndivyo wenyeji wanavyomwita fundi mkuu. Alikuwa mfupi, mkali, na akikasirika alinyamaza, jambo lililonitisha kuliko kelele. Siku niliyopakia ngisi wakavu kutoka soko la Yide Lu bega kwa bega na magauni ya harusi, nilikuwa najisifu moyoni jinsi nafasi ilivyokaa vizuri. Magauni yalifika Dar, yakaenda hadi Mwanza, na bibi harusi mmoja akaingia ukumbini ananukia pwani. Mwenye duka alinipigia simu akanitukana kwa heshima zote. Shifu akasikia. Alichukua gauni la sampuli, akalifunga pamoja na ngisi mmoja kwenye mfuko wa nailoni, akaning'inizia mfuko ule juu ya meza ninayolia chakula mpaka Ijumaa. Tangu hapo hakuna kitu chenye harufu kilichokaa karibu na nguo mbele ya macho yangu.

Shifu hakunifundisha kwa maneno mengi. Kizito chini, chepesi juu, hilo hata punda analijua. Yeye alisisitiza kitu kimoja: usianze na namna vitu vitakavyoingia, anza na namna vitakavyotoka. Mlango unaoufunga wewe hapa, mtu mwingine ataufungua kwa mbali, kwenye jua, ana haraka, na wewe hupo kumwelekeza. Atakayetoa mzigo wake mwanzo, umwekee mlangoni. Atakayetoa mwisho, umwekee ndani kabisa. Wa Kariakoo wanapokea kwanza. Wa Lubumbashi wanapokea mwisho, kwa sababu mzigo wao ukishashuka Dar unapanda lori na safari inaanza upya, basi wao wanaingia kontena mapema na kukaa nyuma ya watu wote.

Na ndiyo maana tulikuwa na desturi yetu, picha ya mlango. Kontena likishajaa, kabla milango haijafungwa na kutiwa sili, aliyepakia anasimama pale mlangoni, mizigo nyuma yake, anapigwa picha. Picha inakwenda kwa wenye mizigo wote na kwa mpokeaji Dar. Si urembo. Mpokeaji akifungua na kukwama, anamjua wa kumpigia: "Saumu, sufuria za Mama Zubeda umezificha wapi?" Nami namwambia zipo kushoto, nyuma ya magodoro, vuta taratibu. Uso wako pale mlangoni ni ahadi kwamba akili iliyopanga vitu vile ni yako. Nimesimama kwenye picha hizo nikiwa mwembamba na nimesimama nikiwa nimenona, mjukuu wangu anazitazama na kucheka.

Sasa nikwambieni habari ya Ilona, maana ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Magoti yalipoanza kugoma, laoban, ndiye bosi wetu mwenye godauni, alisema nitafute msaidizi, na akiiva atachukua nafasi yangu. Mnajua desturi yetu sisi watu wa Afrika Mashariki hapa. Mtu haingii kazini kwa vyeti. Anaingia kwa mdhamini, mtu wa kusema: huyu namjua, ni mtoto wa fulani, akivunja niulizeni mimi. Walikuja vijana wawili, kila mmoja na mjomba wake. Wa tatu akaja mwanamke wa makamo, peke yake, mwavuli umevunjika ubavu mmoja. Alikuwa Mzungu kwa pasipoti, wa Slovakia, lakini rangi yake ya maji ya kunde na nywele zake nyeusi, ningemkuta kwetu Unguja, sokoni Darajani, ningemsalimia kama jirani. Nikamuuliza kama nilivyowauliza wenzake: "Nani anakujua hapa mjini?"

Akafikiri kidogo, akanijibu kwa Kiingereza chake cha polepole: "Wanaonijua ndio walionifukuza."

Nilipenda jibu lile. Nikamvutia kigoda.

Ilona ni Mroma. Najua nanyi mtauliza kama alivyouliza jirani yetu mmoja Mkongomani, kama ndio watu wa Papa. Hapana. Waroma ni watu wanaoishi katika nchi nyingi za Ulaya tangu zama za mababu wa mababu, wana lugha yao na desturi zao, na hukohuko walikozaliwa wanaambiwa kila siku kwamba si wa huko. Mimi nilikuwa sijui. Nilidhani Wazungu ni Wazungu, wote wamekaa upande mmoja wa kaunta na sisi upande wa pili. Kumbe na wao wana watu waliowasimamisha nje.

Alinisimulia bila kujililia. Kwao, ukitafuta kazi kwa simu, nafasi ipo, karibu sana, njoo kesho. Ukifika wakakuona, au wakasoma jina la mtaa wako, nafasi imejazwa. Nikaanza kucheka, si kwa dharau, nilicheka kwa kuitambua. Nikamwambia hapa Guangzhou mimi nimetafuta chumba cha kupanga hivyohivyo. Kwa simu chumba kipo, mlangoni "meiyou", hakuna, na ufunguo unauona umeshikwa mkononi. Basi tukacheka wote wawili, vijana wale na wajomba zao wakatuona wenda wazimu.

Huku alikuja kufanya kazi katika ofisi ya Wazungu wanaokagua bidhaa kabla ya kusafirishwa. Alikaa vizuri mpaka alipoajiriwa mtu wa nchi yake. Yule mtu alilisoma jina lake la ukoo, akamuuliza ametoka mji gani, akatabasamu. Tangu siku hiyo ikawa Ilona akiingia chumba cha sampuli mtu anamfuata. Mikoba ikawa inatolewa mezani, asije akaiba. Baadaye akaambiwa nafasi yake imefutwa, na kabla hajamaliza kukusanya vikombe vyake nafasi ileile ikatangazwa. Kibali chake cha kuishi kilikuwa kimefungwa kwenye kazi, kama vya wengi wetu. Kazi ikienda, kibali kinaifuata, nawe unafuata kibali hadi uwanja wa ndege. Na kwao alikuwa harudi mahali penye kazi, alikuwa anarudi kwenye milango ileile.

Nikawapa wote watatu jaribio la Shifu. Sanduku moja la mbao, na rundo la vitu sakafuni: sufuria, glasi, chupa za chai, kandambili, taulo. Ingiza vyote. Wale vijana walivamia rundo kama watu wa ngoma ya kugombania halua. Ilona alichuchumaa, akavitazama vitu, akanitazama mimi.

"Nani atafungua?" akauliza.

Nilikiweka kikombe changu chini. Swali lile nililisubiri miaka yote niliyofundisha watu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kabla sijamwambia. Nikataka kujua kalitoa wapi. Akasema kwa mama yake. Mtaa wao ulikuwa unabomolewa kila mara, wanahamishwa kwa nguvu, na mama yake alijifunza kuipanga nyumba nzima ndani ya gari la kukodi. Sufuria na blanketi viliingia mwisho, kwa sababu popote watakapotupwa watoto watataka kula na kulala kabla ya mambo mengine yote. Ilona alijua kufunga mzigo kabla hajajua kusoma. Sikuona fahari ndani ya habari ile, niliona huzuni. Lakini mama yule, sijapata kumwona kwa macho, namvulia kofia na mtandio.

Laoban alipoambiwa nimemchagua Mzungu alifurahi kwa sababu zake. Mji huu mnaujua. Kuna kampuni zinazokodi uso wa Kizungu uje ukae mbele, uvae suti, upeane mikono na wateja, kampuni ionekane ya kimataifa. Laoban akamnunulia Ilona koti la kike la ofisini, akamketisha kwenye meza ya mbele karibu na mti wa plastiki. Alikaa mpaka saa ya chakula. Baada ya chakula nikamwona anakuja nyuma godauni na glavu mkononi, koti kalitundika kwenye ule mti. Laoban alilalamika siku nzima, kisha akazoea.

Tukafanya kazi pamoja. Niseme ukweli, nimefundisha wengi, na wengi nimewavumilia tu. Huyu nilimfurahia. Alijifunza Kiswahili cha godauni, kile cha kupokezana katoni, "lete, geuza, hapana hiyo, pole mama." Alijifunza kwamba Mama Zubeda wa Kariakoo, muuza glasi na vyombo, anapiga simu kila asubuhi si kwa sababu hakuamini, ni kwa sababu hapati usingizi mpaka asikie sauti. Basi Ilona akawa anampigia yeye kwanza. Mimi nilifanya kazi na Mama Zubeda tangu watoto wake wako skuli ya msingi na sikuwahi kufikiria jambo dogo kama hilo.

Na alikuwa na ukaidi. Siku moja vibarua walitaka kulala mapema wakasukuma friji ndogo zikae kwa mgongo. Ilona hakubishana. Alipanda juu ya katoni, akakaa hapohapo, akafungua chakula chake akaanza kula. Hawawezi kuendelea na yeye kakaa pale. Wakazisimamisha. Nilimwambia yeye na Shifu wangepatana sana, wangekaa siku nzima bila kusemeshana.

Muda wote huo picha ya mlango nilisimama mimi, kwa haki, kwa sababu mpango ulikuwa wangu. Mpaka siku laoban aliposema kontena linalofuata apakie Ilona peke yake, na likipita bila neno la mteja, nafasi yangu inakuwa yake na kibali anapata. Likiwa na neno, basi. Laoban si mtu mbaya, lakini neno la mteja kwake ni amri.

Nilikaa kwenye kigoda changu nikitazama, mikono inaniwasha. Ilona aliingiza cherehani za Papa Kalonji kwanza, ndani kabisa. Huyu Papa Kalonji, Papa kwa Wakongo ni baba, ni mfanyabiashara wa Lubumbashi, mtu wa suti na marashi, aliyekaa Ubelgiji miaka mingi kabla ya kuanza biashara ya China. Mteja wetu mpya. Kisha zikafuata kandambili, vitenge, magodoro yaliyobanwa, na mwisho, mlangoni, glasi na vyombo vya Mama Zubeda. Mama Zubeda mwenyewe alikuwa mjini safari ile, kaja godauni na kigoda chake cha plastiki alichonunua njiani kwa kutoamini viti vya watu. Wenye kandambili na vitenge nao walikuwepo, vijana wa Dar. Lori lilikuwa limeshafika kulichukua kontena kulipeleka bandari ya Huangpu.

Ilona akafuta uso kwa kanga niliyompa, akaenda kusimama mlangoni kwa ajili ya picha. Hapo ndipo Papa Kalonji alipoingia. Alikuwa hajawahi kumwona, kazi zake zote alimaliza kwa simu. Akasimama. Akamwita laoban kando, akaniita na mimi.

"Mama Saumu, ule mama anatoka wapi?"

"Slovakia."

"Non, non. Miye najua bale bantu. Nilikaa Bruxelles, nilibaona kila siku. Banaibaka. Ni kazi yabo." Yaani ni wezi. Akashusha sauti kama mtu anayetoa msaada. "Haistahili aguse bintu yangu. Na ile picha, mukimuweka pale, wateja yangu watasema nini?"

Nilimtazama Papa Kalonji. Mtu huyu wiki ileile alikuwa amenilalamikia kwamba teksi hazimsimamii, kwamba mwenye hoteli alisema vyumba vimejaa na funguo zimetundikwa ukutani nyuma yake. Nyani haoni kundule. Aliibeba chuki ya watu wa Ulaya, watu ambao na yeye hawakumtaka, akaivusha bahari mpaka China, na hata nauli hawakumlipa. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto.

Laoban, yeye alikuwa anatazama saa. Akapata ufumbuzi haraka, na akauona mzuri. "Saumu, simama wewe. Kazi ni yake, picha yako. Mteja anafurahi, Ilona anapata kibali, lori linaondoka. Hao?" Hao ni kusema sawa, imekwisha.

Ilona alisikia. Kichina chake cha hesabu na mizigo kilitosha kwa maneno yale. Nilimwona anasogea pembeni, hatua ndogo, amezoea, kama mtu anayempisha mwingine kwenye ngazi. Kule kusogea ndiko kulikonichoma kuliko maneno ya Papa. Mji mzima huu watu wanalipwa kwa uso bila kufanya kazi, na huyu alitakiwa afanye kazi bila kuwa na uso.

"Bu xing," nikamwambia laoban. Haiwezekani.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mie sikupakia. Mpokeaji akinipigia akaniuliza kitu kiko wapi, nitamwambia nini? Nitasema uongo? Miaka yote hii uso wangu haujasimama mbele ya mzigo nisioujua, na sianzi leo nina mvi."

Papa Kalonji akainua mkono. "Basi, kama ni vile, nitatosha bintu yangu. Ni haki yangu ao si haki?"

Ilikuwa haki yake. Sheria ya kontena la kuchangia ni hiyo: kabla ya sili, mwenye mzigo asiyeridhika anatoa kilicho chake. Nadhani alijua vizuri tutakavyokwama. Cherehani zake zilikuwa ndani kabisa, na kuzitoa ni kutoa mizigo ya watu wote, na kutoa mizigo ya watu wote ni kuikosa meli. Alitarajia wenzake watamgeukia Ilona na kumwambia, dada, ondoka tu yaishe.

Ilona akavaa tena glavu. "Ni haki yake," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mimi namtolea." Akaenda mpaka kwa Mama Zubeda, kwa sababu katoni za mlangoni zilikuwa zake, na sheria ya pili ya kontena la kuchangia ni kwamba mzigo wa mtu hauhamishwi bila ruhusa yake. "Mama, naomba nitoe mzigo wako."

Nawaambieni, kile ndicho kitu nilichokistahi zaidi. Alikuwa anajua kontena likifunguliwa kazi yake imekwisha. Angeweza kulia, angeweza kutukana, na mimi ningemsaidia kutukana. Badala yake akaenda kuomba ruhusa ili amfanyie kazi ipasavyo mtu aliyemwita mwizi.

Mama Zubeda alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anakula karanga. Akamaliza aliyo nayo mdomoni. Kisha akainuka, akakichukua kile kigoda, akakiweka katikati ya mlango wa kontena, akakaa tena.

"Wangu hautoki," akasema.

"Mama Zubeda, nakuomba," laoban akaanza.

"Hautoki. Huyu mwanamke kabila lake silijui na sina haja nalo. Najua ananipigia simu asubuhi. Najua glasi zangu safari tatu zilizopita alizipanga yeye, Saumu akiwa anapigwa picha tu na magoti yake." Mniruhusu niseme hilo halikuwa kweli lote, lakini sikuwa na hamu ya kumkatiza. Akamgeukia Papa Kalonji. "Wewe kaka yangu toa mzigo wako, nani kakuzuia? Pita. Ila wangu usiuguse."

Yule kijana wa vitenge akacheka, halafu akaacha kucheka. "Hata wangu hautoki," akasema. Mwenye kandambili akasema na wake vilevile, sijui kama alijua hata tunagombania nini, lakini alisema.

Basi mngemwona Papa Kalonji na suti yake. Cherehani zake ziko mwisho wa kontena, na mbele yake kuna magodoro, vitenge, kandambili, glasi, na Mama Zubeda na karanga zake, na kila kimoja kina mwenyewe aliyesema hapana. Haki yake alikuwa nayo, nzima, na hakuna mtu aliyeigusa. Nilikumbuka siku nilipomuuliza Ilona nani anakujua hapa mjini. Wadhamini wake ndio hao sasa, wameketi mlangoni, na dhamana yao ni mali yao yenyewe.

Ilona akamgeukia. "Papa," akasema, "wako ni wa mwisho kutoka. Barabara ya Lubumbashi mbaya, Mama Saumu kaniambia. Nimefunga cherehani na magodoro mabovu, chini na pembeni. Sindano nimezifungia ndani, kwa boksi yake. Ukifungua, anza na kamba ya kijani."

Papa Kalonji akainua shingo. Alitazama ndani ya kontena, mbali kule kwenye giza, kama vile angeziona. Nadhani ilimwingia kwamba amekaa anambishia mtu aliyewaza barabara yake ya mashimo wakati yeye mwenyewe hakuwaza. Au labda alihesabu tu meli. Sipendi kumtungia mtu moyo.

"Kamba ya kijani," akasema mwishowe.

"Ya kijani."

Akaenda kusimama karibu na lori, akawasha simu. Laoban akanitazama, nami nikatazama dari. Mteja alikuwa hana neno.

Ilona akasimama mlangoni kwa picha. Lakini alisimama pembeni, bega moja nje, kama mtu aliyepita kwa bahati wakati wenzake wanapigwa picha. Nikamwambia aingie katikati. Akasogea kidogo. Nikamwambia tena. Mama Zubeda akamvuta mkono akamweka anapotakiwa, akamtengeneza kola, akajiondoa na kigoda chake. Nikapiga. Milango ikafungwa, sili ikatiwa, lori likaondoka kwenda Huangpu.

Watu wananiuliza Papa Kalonji aliomba radhi au la. Hakuomba. Safari iliyofuata aliuliza kwa simu ni nani anapakia. Nikasema Ilona. Akaniomba nimwambie kamba ya kijani ilimsaidia. Nikamwambia amwambie mwenyewe, namba yake anayo, ipo chini ya picha. Sijui kama alimpigia. Mzigo alileta.

Mwaka jana, wakati namkabidhi Ilona kigoda changu, nilimuuliza aliifanyia nini picha ile ya kwanza. Akasema aliituma kwao, kwa mama yake, yule wa sufuria na blanketi. Mama yake kasafisha majiko ya mahoteli maisha yake yote, akiingia kwa mlango wa nyuma, akiambiwa asipite ukumbini wageni wakiwepo. Alikaa na ile picha muda mrefu, halafu akampigia binti yake simu. Hakuuliza kontena ni nini wala Guangzhou iko wapi. Aliuliza:

"Walikuruhusu usimame mbele?"

"Hawakuniruhusu, mama," Ilona akamjibu. "Ndiyo kazi yenyewe."